Buti za Kilombero zapanda Mlima Meru

Mpenzi msomaji, wiki hii sikupeleki mbali. Waliotaka Zanzibar wasubiri. Leo nakupeleka hapa hapa kwetu Arusha, kuanzia Unga Limited mpaka lango la Momella chini ya Mlima Meru, safari ambayo nauli yake haifiki bei ya kuku wa kienyeji. Ila nakuomba njia nzima utazame kitu kimoja tu: watu wamevaa nini, na wanaitwa nani kwa sababu ya walichovaa.

Sababu ya safari ni mdogo wangu. Ana miaka 21, hana kazi, na wiki mbili zilizopita alipata taarifa kwamba kuna wageni wanapanda Meru siku ya Jumatatu na wanatafutwa wagumu. Kwa msomaji wa mbali, mgumu ndiye mpagazi wa mlimani, yule anayebeba mahema, majiko na mabegi ya wageni. Kazi ni ya siku nne. Masharti ni mawili: uwe na nguvu na uwe na buti.

Nguvu anazo. Buti hana. Basi Jumamosi asubuhi tukatinga Kilombero.

Kama hujawahi kufika Kilombero siku belo linapofunguliwa, bado hujaiona Arusha. Waya unakatwa, nguo zinafumuka, na watu wanainama kama kuku waliomwagiwa mtama. Mwenye duka la vioo kule mjini anatangulia kuchagua, anaondoka na mashati mazuri, anayapiga pasi, anayatundika, na wiki hiyo hiyo unayakuta yanauzwa mara tano ya bei. Yanayobaki yanamwagwa chini kwenye turubai: "Jero, jero! Chagua mwenyewe, usilaumu mtu!"

Kwa hiyo mtoto wa kishua wa Njiro na chalii wa Ngarenaro wanaweza kabisa kuwa wamevaa nguo zilizosafiri ndani ya belo moja. Mmoja amenunua kwenye kioo, mwingine kwenye turubai. Shati lenyewe halijui.

Tulizunguka mpaka saa sita. Mwisho tukazipata kwa mzee mmoja wa viatu: buti nyeusi, matundu manane ya kamba kila upande, uzi wa njano umezunguka soli nzima. Dr. Martens, za Uingereza. Mzee alitaja elfu 35, tukamalizana kwa elfu 25. Mdogo wangu alizivaa pale pale, akakanyaga chini mara mbili, akasema, "Bro, hizi hata chui akining'ata mguu atavunjika meno."

Nyumbani ndipo maneno yakaanza. Mama alikuwa ameshanyoosha suruali ya kitambaa na shati la baba la vitenge. "Utavaa hivi Jumatatu, uonekane mtu wa heshima." Mdogo wangu alikuwa na mpango wake: suruali yake pana yenye mifuko, fulana ndefu, na zile buti. Juu ya hayo yote, kichwani ana nywele alizozipaka rangi ya dhahabu. Baba alimtazama kutoka juu mpaka chini, akatoa neno moja tu: "Muhuni."

Hapo naomba nisimame kidogo, maana neno hilo nyumbani kwetu lina historia.

Arusha tuna kamusi yetu ya mavazi. Ukivaa shati la kuchomekea na raba nyeupe isiyo na vumbi, wewe ni bishoo. Suruali ikishuka chini ya kiuno, ni mlegezo, au kata K, na wewe ni msela. Ukiongea Kiingereza cha puani na nyumbani kwenu kuna mlinzi, wewe ni mtoto wa geti. Miaka hii ya karibuni wakaja na wadudu, ndio hao vijana wa pikipiki zilizorembwa kama bibi harusi, wenye nywele za rangi na suruali zinazotosha watu wawili. Kila jina lina mtaa wake. Ukisikia bishoo, unafikiria Njiro au Uzunguni. Ukisikia mdudu, huhitaji kuuliza, unafikiria Unga Limited, Ngarenaro, Muriet. Nguo ikitajwa, mtaa umetajwa. Na mtaa ukitajwa, tabia imeshahukumiwa.

Mwaka jana mdogo wangu alikuwa na kazi ya kuosha magari. Jioni moja walikaa kijiweni vijana wanne wakisubiri mpira uanze kwenye televisheni ya kinyozi. Doria ikapita. Hakuna aliyeulizwa jina. Wawili waliokuwa na mashati ya kawaida waliambiwa waende nyumbani kwao. Mdogo wangu na mwenzake, wenye suruali pana na vichwa vya dhahabu, walipandishwa kwenye gari. Walilala ndani siku mbili, kituo sikitaji. Walipotolewa hawakuambiwa kosa, waliambiwa wakanyoe. Aliporudi kazini alikuta nafasi yake ina mtu.

Mimi sikatai doria. Vibaka wa pikipiki wamewatesa akina mama wa mji huu, na mama yangu mwenyewe aliwahi kunyang'anywa mkoba mchana kweupe. Ninachouliza ni hiki: mwizi ana sare? Aliyempora mama, kwa maneno yake mwenyewe, alivaa vizuri kama anakwenda kanisani.

Sasa turudi kwa baba. Kwenye albamu yetu kuna picha ya mwaka 1975, studio, pazia la maua nyuma. Amesimama kijana mwembamba, nywele zake za afro ni kubwa kuliko mto wa kulalia, na chanuo limechomekwa humo humo. Suruali ya bugaluu inafagia sakafu. Chini ni viatu vya raizoni vyenye soli ndefu kama tofali. Huyo ndiye baba. Babu alipoiona picha ile, kwa mujibu wa bibi, alisema neno moja: "Muhuni."

Na babu naye alikuwa na yake. Mwaka 1967 na 1968 serikali iliendesha kampeni hapa mkoani kwetu ya kuwataka Wamaasai waache lubega na ngeu, wavae suruali, ili waonekane watu wa kisasa. Wakati huo huo, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana kule Dar es Salaam, ikaanza Januari 1, 1969: marufuku vimini, marufuku mawigi, marufuku krimu za kung'arisha ngozi, marufuku suruali za kubana. Tazama mambo hayo. Mmaasai alikosea kwa kutovaa suruali, na kijana wa Dar alikosea kwa kuvaa suruali.

Na hayo yote yalitokea mwaka mmoja au miwili tu baada ya Azimio la Arusha, lililopitishwa hapa hapa Januari 1967 na kutangazwa Februari 5. Ukipita Kaloleni utaliona jengo lenyewe, leo ni makumbusho. Azimio lilisema tunajenga nchi isiyo na matabaka. Nia njema kabisa. Lakini kuanzia Kaloleni mpaka Uzunguni ni mwendo wa miguu tu, na ukitembea na fulana kubwa utaona jinsi wanavyokutazama walinzi wa kila geti.

Usidhani ni ushamba wetu Waafrika. Waingereza ndio mabingwa wa mchezo huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mafundi nguo wa matajiri wa London walirudisha makoti marefu ya mtindo wa enzi za Mfalme Edward VII. Vijana wa mitaa ya kazi ngumu wakayapenda, wakajinyima mishahara, wakashonesha ya kwao. Wakaitwa Teddy Boys, Teddy ikiwa ni Edward kwa kifupi. Magazeti yakawafanya wahuni wa taifa. Matajiri walipoona koti lao liko mgongoni mwa kijana wa kiwandani, wakalitupa.

Miaka hamsini baadaye ikawa zamu ya Burberry, kampuni ya nguo za bei mbaya. Kofia zake za mirabaraba zilipendwa na vijana wa mitaa maskini, wale waliobandikwa jina la dharau la chav. Mwaka 2004 kampuni ikaacha kuziuza. Kofia haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kichwa kilichoivaa.

Na zile buti za mdogo wangu? Jozi ya kwanza ya Kiingereza ilitoka kiwandani katika kijiji cha Wollaston Aprili 1, 1960. Zilikuwa viatu vya kazi, vya mafundi, vya watumishi wa posta, vya watu wanaosimama kutwa. Halafu vijana wakazichukua, kwanza skinhead, kisha mapanki, na mzazi wa Kiingereza akiona buti zile mlangoni alikuwa anajua nyumba imeingia balaa. Leo jozi mpya London ni zaidi ya pauni 150, karibu laki tano za kwetu, na anayezivaa anaweza kuwa mwanafunzi ambaye baba yake hajawahi kushika nyundo. Akizichoka anaziweka kwenye mfuko wa msaada, mfuko unaingia kwenye belo, belo linapanda meli, na mzee wa viatu anamwambia mdogo wangu elfu 35.

Zamani bidhaa hizi tuliziita kafa Ulaya, kwamba mwenye nguo amefariki huko ndipo ikaletwa kwetu. Zilijaa mitaani nchi ilipolegeza biashara katikati ya miaka ya 1980, enzi za Mzee Ruksa. Jumatatu ilipofika, kifodi chetu kilipita Sanawari, Philips, Tengeru, tukashuka USA River, na pale ndipo njia inapokata kwenda Ngurdoto. Nikamwonyesha mdogo wangu kwa kidole. Kule Ngurdoto, Machi 2, 2016, marais wa Afrika Mashariki walikutana na kuelekeza kwamba mitumba ikomeshwe ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikaja juu na kutishia kuondoa nafuu ya soko lake la AGOA. Rwanda ikakaza shingo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Sisi wengine tukalegeza. Mdogo wangu akatazama miguu yake, akasema, "Kwa hiyo hizi zimeponea chupuchupu."

Kuhusu shati la vitenge nikuambie mapema: liko kwenye begi. Alitoka nalo nyumbani kumridhisha mama, akabadilisha kituoni.

Tulidandia gari la Ngarenanyuki. Barabara inaingia ndani ya hifadhi, na ghafla kelele za mji zinakatika. Kwenye uwanda wanaouita Serengeti Ndogo kulikuwa na twiga watatu na nyati wasio na idadi. Mbele umesimama Meru wenyewe, mita zaidi ya 4,500, mlima wa pili kwa urefu nchini, ule tunaouona kila siku tukiwa tunanunua nyanya na tunausahau. Ukiwa karibu unatisha. Kibaridi chake kinapenya fulana zote, ya jero na ya laki.

Langoni Momella vijana kama kumi walikuwa wanasubiri. Kiongozi wa msafara, mtu mzima wa kimya kimya, alikuwa anapita kuwakagua mmoja mmoja. Alipofika kwa mdogo wangu akatazama kichwa cha dhahabu. Moyo wangu ukadunda. Nikaanza kujilaumu kwamba ningelala upande wa mama.

"Wewe ni mdudu?" akauliza.

"Hapana mzee. Ni rangi tu."

"Rangi haibebi mzigo. Nyanyua mguu."

Akanyanyua. Kiongozi akaikunja soli ya buti kwa mkono, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akavuta kamba. "Kwa leo zinatosha. Juu kuna jivu na mawe, funga mpaka tundu la mwisho." Kisha akaenda kwa aliyefuata, kijana nadhifu sana wa raba nyeupe na shati la kuchomekea, ambaye mama yangu angempenda siku ileile. Akamtazama miguuni, akamwambia kwa upole arudi akatafute viatu.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini sikufurahi sana kama nilivyotegemea, maana yule kijana naye ametoka kwao na nauli ya kuazima, na pengine mama yake ndiye aliyempigia pasi. Mlima nao unahukumu viatu. Tofauti ni kwamba mlima unauliza viatu vitafanya kazi gani. Hauulizi umetoka mtaa gani.

Wageni wakashuka kwenye gari lao. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa Kiingereza, umri wa mdogo wangu, suruali imechanika magoti yote mawili. Msomaji, si kwamba ilimchanikia. Aliinunua imechanika. Fulana ina tundu begani, ndala miguuni, nywele hazijaona chanuo tangu uwanja wa ndege. Walinzi walimwita bosi. Alipita kila mlango bila swali.

Hapo ndipo nikaelewa jambo lililonisumbua siku nyingi. Mimi nikienda kuchukua habari kwenye hoteli fulani mjini nimevaa fulana, mlinzi ananiuliza naenda kwa nani. Ndiyo maana mimi na kidato changu cha nne hatutoki bila pasi. Mama hapigi pasi kwa sababu anapenda mikunjo ya suruali. Anapiga pasi kwa sababu anajua mtoto wake akionekana mchafu hataitwa mtalii, ataitwa mwizi. Kuvaa kimaskini kunahitaji utajiri. Maskini halisi hana ruhusa hiyo.

Na ndiyo maana siwashangai vijana wetu wanaovaa kwa kelele. Kikundi cha X Plastaz, kilichoanza hapa Arusha mwaka 1996, kilipanda majukwaa ya Ulaya na hip hop yenye sauti za Kimaasai, mmoja wao akiwa ndani ya shuka, lile lile lililokuwa likipigwa vita mwaka 1968. Profesa mmoja wa Marekani, Brad Weiss, aliona vibanda vya vinyozi wa mji huu vina mambo mazito kiasi cha kuviandikia kitabu kizima, kikatoka mwaka 2009. Kijana akijua atahukumiwa tu hata akipiga pasi, anaamua kuchagua mwenyewe ahukumiwe kwa rangi ipi.

Saa nne wakaondoka, askari wa hifadhi mbele na bunduki yake kwa ajili ya nyati, wageni katikati, wagumu nyuma na mizigo kichwani. Kilichobaki machoni mwangu ni kichwa cha dhahabu kikipotea kwenye miti.

Alirudi Alhamisi usiku, midomo imebabuka, ananuka moshi wa jiko. Buti zilikuwa za kijivu kwa jivu la mlima, uzi wa njano hauonekani. Alitoa hela mezani, akahesabu, akampa mama sehemu yake. Kisha akasimulia. Usiku wa kwanza Miriakamba, wa pili Saddle Hut, zaidi ya mita 3,500, maji yaliganda ndani ya ndoo. Yule Mwingereza wa magoti wazi alipopigwa na baridi aliomba suruali ya ziada, na unadhani nani alikuwa na ya akiba? Ile ya kitambaa, ya mama, iliyopigwa pasi.

"Aliniuliza buti nimezipata wapi," akasema. "Nikamwambia Kilombero. Nikamtajia na bei. Akacheka mpaka akakaa chini. Ijumaa anataka nimpeleke."

"Na kileleni mlifika?" baba akauliza.

"Wageni walifika. Sisi tulibaki Saddle Hut kuwapikia. Mgumu hafiki kileleni."

Baba alinyamaza. Kilele cha Meru, msomaji wangu, kwenye ramani kinaitwa Kilele cha Ujamaa. Baba anajua, alifundishwa shuleni.

Halafu mzee akainuka, akaenda nje, akarudi na brashi na kopo la rangi ya viatu. Akaketi, akaivuta buti ya kwanza, akaanza kuifuta jivu. Nywele hakuzisema tena. Kiongozi ameshapiga simu, kuna msafara mwingine wiki ijayo.

Wikiendi hii ukiwa mjini ukamwona chalii mwenye kichwa cha dhahabu, usimkimbie na usimwite. Muulize jina lake kwanza. Huenda ametoka kubeba chakula cha mgeni wako.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.